Sanduku, Kopo na Neno: Tafakari juu ya Sanaa ya Pop katika Museum Ludwig, Köln

Mchungaji wa Kiafrika apelekwaye Ujerumani kwa shughuli za ushirika wa makanisa aghalabu huonyeshwa mambo yaleyale: Wittenberg na mlango wake, Eisenach na ngome ya Wartburg, na akifika pande za mto Rhein, kanisa kuu la Köln. Hilo la mwisho si la Walutheri, lakini hakuna mwenyeji awezaye kumpitisha mgeni pale bila kumwingiza. Sisi nasi tuliingizwa. Tulisimama mbele ya sanduku la dhahabu lililo nyuma ya altare kuu, lililoanza kutengenezwa mwishoni mwa karne ya 12 kwa ajili ya mifupa inayosemekana kuwa ya Mamajusi. Tulielezwa habari zake, tukatoka. Hatua chache kutoka pale lipo jumba la sanaa liitwalo Museum Ludwig, na ndani yake tulikuta masanduku mengine. Haya ni ya mbao, yamepakwa rangi na kuchapwa maandishi ili yafanane na makasha ya kadibodi yaliyokuwa yakisafirishia sabuni ya kusugulia sufuria, aina ya Brillo.

Makala hii yahusu masanduku hayo ya pili pamoja na kazi nyingine zilizomo katika vyumba vile. Hatuandiki kama wajuzi wa sanaa. Tunaandika kwa kuwa tumesikia watumishi wa Kanisa wakitoa hukumu mbili juu ya sanaa ya namna hii, na zote mbili twaona zimetolewa kwa haraka. Tena kwa kuwa jambo lililo nyuma ya sanaa hiyo limekwisha kufika kwetu, na limeua watu.

Kwanza, maneno machache kwa msomaji asiyeifahamu. Jina "pop" ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kitu kinachopendwa na watu wengi. Mwaka 1956, katika maonyesho yaliyofanyika kwenye jumba la Whitechapel, London, Richard Hamilton alitoa picha aliyoiunganisha kwa vipande vilivyokatwa kutoka magazetini: sebule iliyojaa televisheni, nyama ya kopo, na watu wanaoonyesha miili yao. Miaka michache baadaye vijana wa New York na Los Angeles walilichukua jambo hilo kwa nguvu zaidi. Walichora makopo, chupa za soda, katuni, noti za fedha na nyuso za waigizaji wa sinema, yaani vitu vile ambavyo msanii wa zamani angeviondoa mezani kabla ya kuanza kuchora. Peter na Irene Ludwig walinunua kazi nyingi za namna hiyo, na mwaka 1976 waliupa mji wa Köln kazi zipatazo 350. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1986. Utajiri wa Ludwig ulitoka katika chokoleti, jambo ambalo msomaji wa Kyela, aliyekua kati ya mashamba ya kakao, aweza kulitafakari mwenyewe bila msaada wetu.

Hukumu ya kwanza tuliyoisikia ni kwamba haya yote ni ubatili wa watu walioshiba. Tulipowaonyesha wanafunzi wetu picha ya yale makopo 32 ya supu ya Campbell yaliyochorwa na Andy Warhol, kopo moja kwa kila aina ya supu iliyouzwa wakati ule, darasa lilicheka. Mmoja aliuliza kama mchoraji alilipwa. Ndiyo, alilipwa, ingawa si nyingi. Makopo hayo yalipoonyeshwa Los Angeles mwaka 1962 kila moja lilitakiwa dola 100, na mwenye jumba aliamua kubaki nayo yote pamoja kwa dola 1,000. Kicheko cha wanafunzi kina haki yake. Hata hivyo, mchungaji anayecheka na kwenda zake hajajiuliza mtu huyu alikuwa akitazama nini.

Hukumu ya pili ni ya wasomi, na kwetu sisi walimu wa theolojia ndiyo yenye hatari zaidi. Inasema kwamba sanaa ya pop imekitakasa kitu cha kawaida. Kwamba kopo la supu, likiwekwa ukutani, limekuwa kama sakramenti. Mwanafalsafa Arthur Danto aliyaona masanduku ya Brillo yalipoonyeshwa New York mwaka 1964, akauliza swali zuri: ikiwa jicho haliwezi kutofautisha sanduku la msanii na la dukani, ni nini basi kinachofanya moja kuwa sanaa na jingine kuwa kasha tu? Mwaka 1981 alitoa kitabu ambacho katika jina lake alitumia neno lilelile la kugeuka sura ambalo Kanisa hulitumia kwa habari ya Bwana wetu mlimani. Danto hakuwa akihubiri. Lakini wako wahubiri waliolipokea neno hilo kwa furaha, nao wakakumbusha kwamba Warhol, aliyezaliwa Pittsburgh mwaka 1928 kwa wazazi waliotoka milima ya Carpathia, alilelewa katika kanisa la Kikatoliki la mapokeo ya Mashariki, akikaa Jumapili mbele ya ukuta wa ikoni zilizopangwa safu kwa safu. Basi, wanasema, makopo yake ni ikoni.

Ulinganisho huo unavutia, nasi tuliusadiki nusu tulipokuwa bado tunasoma vitabu tu. Mbele ya masanduku yenyewe hatukuweza kuusadiki. Ni safi mno. Yamepangwa moja juu ya jingine, wala hayana kitu ndani. Mtu huyazunguka, huyatazama, huona kwamba yametengenezwa kwa bidii, kisha hakuna linalofuata. Tulimkumbuka yule seremala wa Isaya sura ya 44, ambaye kwa nusu ya mti huota moto na kuoka mkate, na nusu iliyosalia huifanya mungu na kuisujudia. Nabii hamlaumu kwa kuoka mkate, wala hausemi vibaya mti. Kinachomshangaza ni kwamba mtu yule haulizi swali. Masanduku ya Warhol yanamlazimisha mtazamaji aulize swali hilo la Isaya, na kwa sababu hiyo hatuwezi kuyaita ubatili. Lakini kuuliza swali la nabii si sawa na kutoa ahadi ya Mungu.

Hapa mafundisho yetu ya Kilutheri yana jambo la kusema. Katika Katekisimu Kubwa, Luther akimfuata Agostino anafundisha kwamba maji ya ubatizo na mkate wa mezani hubaki vitu vya kawaida kabisa mpaka Neno lije kwao. Kinacholeta tofauti si mahali vilipowekwa, wala taa, wala macho ya mjuzi. Ni agizo na ahadi inayosemwa kwa sauti kwa mtu fulani, kwamba mwili huu umetolewa kwa ajili yake. Sanduku la Brillo halina mtu linayesema naye. Au tuseme kweli, lina mmoja: mnunuzi. Maandishi yake yote yanamwita yeye, kwa rangi nyekundu na buluu, na yakiisha kumpata hayana habari naye tena. Kuliita jambo hilo sakramenti ni kuichukua sakramenti kwa nusu, kitu bila Neno. Na nusu hiyo ndiyo soko lilikuwa nayo tangu mwanzo.

Kwa hiyo twaona ni afadhali kuiweka sanaa hii upande wa Sheria, katika matumizi yake ya pili, yaani kama kioo. Kioo hakiokoi mtu. Lakini kioo kizuri ni adimu, na kati ya vioo tulivyoviona Köln kimoja kilitushika kuliko vingine vyote.

Ni turubai kubwa ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyochorwa na Warhol mwaka 1962, kabla hajaanza kutumia ule ufundi wa kuchapa kwa skrini ambao kwetu hutumika kuchapa fulana za kwaya na za kampeni. Ni ukurasa wa mbele wa gazeti la New York Mirror la tarehe 4 Juni 1962, uliokuzwa kuliko kimo cha mtu. Kichwa cha habari chasema watu 129 wamekufa katika ndege. Kati ya herufi hizo kubwa imo picha ya mabaki ya ndege yenyewe. Ndiyo tu. Ndege ile ya Air France ilianguka siku iliyotangulia ilipokuwa ikiruka kutoka Orly, karibu na Paris. Wengi wa abiria walikuwa wapenzi wa sanaa kutoka mji wa Atlanta, waliokuwa wakirudi kwao baada ya kutembelea majumba ya sanaa ya Ulaya. Walikuwa, kwa maneno mengine, watu wa kusimama mahali tulipokuwa tumesimama sisi.

Kuna jambo la pili. Hesabu ya mwisho ya waliokufa ilikuwa 130. Gazeti lilichapwa mapema, na mchoraji akalifuata gazeti. Hivyo turubai ile, kwa miaka yote hii, ina upungufu wa mtu mmoja. Hatujui kama Warhol alilijua jambo hilo au kama lilimsumbua, wala si lazima tujue. Mchungaji aliyewahi kuzika anaelewa kilichotokea pale: idadi ilikwisha kuwa habari kabla watu hawajaisha kufa.

Tulipokuwa mbele ya picha ile tulikumbuka Moshi. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa yamebarikiwa. Mkoa ule ni wa Walutheri tangu wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893. Hakuna dayosisi yetu inayoweza kusema kwamba waliokwenda pale jioni ile walikuwa watu wa mbali. Magazeti yaliandika idadi. Kwa siku kadhaa tuliisikia idadi hiyo redioni, kwenye simu, na katika maombi ya kanisani, ishirini, ishirini, mpaka ikaanza kusikika kama jina la mahali. Kisha ikaja habari nyingine. Chupa za mafuta na za maji, zenye lebo na uso wa mhubiri, zingali zikiuzwa katika miji yetu, nazo zimepangwa mezani kwa ustadi ambao mpanga masanduku wa New York angeutambua mara moja.

Twaomba msomaji atulie hapa kidogo, kwa maana ndipo tunapoona faida ya kuizuru sanaa hii. Warhol alilitoa kopo dukani akaliweka mahali pa ikoni. Muuza upako amefanya kinyume chake: ameichukua ikoni akaibandika kwenye chupa. Wa kwanza alituacha tukiwa na mashaka, na mashaka hayajamkanyaga mtu. Wa pili anaondoa mashaka yote. Anachouza kina Neno, au kinajifanya kuwa nalo, lakini ni neno lenye bei; na ahadi yenye bei haiwezi kutolewa bure kwa aliye nyuma ya umati. Ndiyo sababu watu hukimbia. Hakuna ajuaye mtu yeyote kukanyagwa akikimbilia mkate wa Chakula cha Bwana, kwa kuwa kila mmoja ajua utamfikia.

Wala tusijitenge mbali kana kwamba nyumba yetu ni safi. Kurudiarudia sura si uvumbuzi wa Marekani. Karakana ya Lucas Cranach pale Wittenberg iliuchapa na kuuchora uso wa Luther kwa wingi hata ukawa mmoja wa nyuso zilizojulikana sana Ujerumani. Mwaka 1533 Cranach alilipwa kwa jozi 60 za picha ndogo za wateule wawili wa Saksonia, Frederick na Johann, zilizotengenezwa zote kwa mfano mmoja. Warhol aliita karakana yake "Kiwanda". Cranach alikuwa nacho kiwanda zaidi ya miaka 400 kabla, na ni Matengenezo yetu yaliyofaidika. Luther mwenyewe, aliporudi Wittenberg Machi 1522 kutuliza ghasia za wavunja sanamu, hakukubali kwamba tatizo liko ukutani. Alilitafuta moyoni. Vitenge vya jubilei vyenye nyuso za maaskofu wetu, basi, havina dhambi ndani yake. Swali ni kama uso ule unamwelekeza mtu kwa Kristo aliyesulubiwa, kama Cranach alivyomchora Luther mimbarani katika altare ya Wittenberg, kidole chake kikielekea msalabani, au kama uso umekuja kujionyesha wenyewe. Tumeona vitenge vya namna zote mbili.

Wakati mwingine watu hututajia, kwa kumtetea Warhol, picha zake za mwisho. Katika mwaka 1986 alifanya mfululizo mrefu wa kazi zitokanazo na Karamu ya Mwisho ya Leonardo, zikaonyeshwa Milano Januari 1987, ng'ambo ya barabara kutoka kanisa lenye mchoro wenyewe. Tarehe 22 Februari mwaka uleule alifariki. Kazi moja ina karamu ileile mara 60, nyeusi na nyeupe, safu juu ya safu. Tunaijua kwa picha za vitabuni tu, kwa hiyo tutasema kidogo. Hakuifuata kazi ya Leonardo moja kwa moja; alitumia nakala za bei nafuu, za namna ile inayotundikwa sebuleni kwetu juu ya kabati la vyombo, karibu na kalenda ya usharika. Katika hilo alikuwa mwaminifu kuliko wahakiki wengi: alijua kwamba watu wengi duniani hawajamwona Leonardo, wamemwona mchuuzi. Kama ile ilikuwa sala, Mungu aijua. Sisi twaona ukurasa wa gazeti tena, na karamu 60 ambazo hakuna hata moja inayompa mtazamaji mkate.

Kazi nyingine za Köln hazikutuweka sana. Katuni za Roy Lichtenstein, kama yule msichana wa mwaka 1965 anayemngoja mwanamume asiyekuja, ni za ustadi na za kuchekesha. Ukiona mbili umeziona zote. Michoro ya Tom Wesselmann hatukuipenda, nasi hatuoni sababu ya kuficha. Mwanamke yumo bafuni, taulo ni taulo halisi, mlango ni mlango halisi, na yeye peke yake ndiye si halisi. Tuliambiwa kwamba huo ni uhakiki wa jinsi matangazo yanavyomfanya mwanamke bidhaa. Yawezekana. Lakini msanii hakumrudishia chochote cha utu wake, na mhakiki asiyemhurumia aliyeumizwa ni vigumu kumtofautisha na muuzaji.

Tumeiacha mwisho kazi ambayo kwa maoni yetu inatosha safari nzima. Ni ya Edward Kienholz, ya mwaka 1968, nayo yaitwa Ukumbusho wa Vita Unaobebeka. Si picha, ni kama jukwaa lenye vitu halisi. Upande wa kushoto pipa la takataka limegeuzwa likawa mwili wa mwanamke mwimbaji, na mashine ndani yake inaimba wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Marekani. Nyuma yake limo tangazo la jeshi la kuandikisha vijana. Wanafuata askari wa chuma wasio na nyuso, wale wa picha mashuhuri ya Iwo Jima ya mwaka 1945. Lakini bendera yao hawaisimiki mlimani, wanaisimika kwenye tundu la meza ya bustanini, tundu la kuwekea mwavuli wa jua. Upande wa kulia maisha yanaendelea: kibanda cha soseji, meza na viti, mashine ya Coca-Cola. Mtu akichoka aweza kuwazia kukaa pale na kunywa soda, huku wimbo ukiendelea nyuma ya mgongo wake.

Kati ya vita na soda upo ubao mweusi, kama wa darasani, ulioandikwa kwa chaki majina yapatayo 475 ya nchi zilizokuwa huru na ambazo hazipo tena. Tulisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Luther, katika mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518, alimtambua mwanatheolojia wa msalaba kwa hili, kwamba huyo halipambi jambo bali hulitaja lilivyo. Kienholz hakuwa mwanatheolojia, na kazi yake haina neno lolote la Injili. Lakini ni Sheria iliyonenwa kwa usahihi, tena juu ya taifa lake mwenyewe, katika mwaka ambao vijana wake walikuwa wakifa Vietnam. Ametukanya hata sisi, ambao huomba amani ya taifa kila Jumapili kwa sentensi moja iliyokaririwa, kisha tukaendelea na matangazo ya mnada wa mavuno.

Juu ya ubao huo kimewekwa kibao cha ukumbusho wa siku ya ushindi. Jina la ushindi halijajazwa, wala mwaka. Pameachwa nafasi na chaki, ili kila vita ijayo iweze kuandikwa bila kubomoa kitu. Msanii aliweka tarakimu mbili za kwanza tu, 19, akaacha mbili za mwisho. Vita vya Iraki vya mwaka 2003 havina mahali pale, wala vile vya Kivu, ambavyo wakimbizi wake wameabudu pamoja nasi katika sharika za Kigoma.